Nyundo, Picha na Kigango

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyonena wahenga, na aghalabu kauli yao haina pingamizi. Hata hivyo, aliyeitunga methali hiyo yamkini hakuwa amepata kuketi katika ukumbi wa mnada wa sanaa. Huko hata kizuri hutembezwa. Hupigwa picha kwa taa za pande nne, huandikiwa maelezo na wataalamu, hupelekwa kuonyeshwa katika miji ya mbali kabla ya siku ya kuuzwa, kisha husimamishwa juu ya jukwaa, na mtu aliyevaa suti nadhifu akaanza kukitangazia bei kwa sauti tulivu kana kwamba anasoma dua.

Kwa Mkenya wa kawaida neno mnada halina furaha. Husikika pale mkopo uliposhindikana kulipwa. "Shamba la fulani limepigwa mnada" ni kauli isemwayo kwa sauti ya chini, mithili ya taarifa ya msiba. Magazeti huchapisha kurasa nzima za matangazo ya aina hiyo: matatu, ploti, nyumba za ghorofa, ng'ombe wa gredi, friji na makochi. Neno dalali lenyewe, ambalo lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya mtu wa kati anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi, limegeuka katika masikio ya wengi likawa jina la mtu ajaye na lori alfajiri, akifuatana na askari.

London, Paris na New York ni kinyume cha hayo. Huko mnada ni karamu. Kampuni ya Sotheby's ilianza mwaka wa 1744 kwa kuuza vitabu. Christie's ilifuata mwaka wa 1766. Wateja wao huingia kwa kadi za mwaliko, na wasiofika hunyanyua bei kwa simu au kwa kompyuta wakiwa vitandani mwao. Utaratibu wenyewe si mgumu kuufahamu. Mwenye mali huafikiana na kampuni juu ya bei ya chini kabisa, ambayo haitangazwi. Katalogi huchapisha makadirio mawili, la chini na la juu. Nyundo ikishagonga, mnunuzi hulipa bei ile pamoja na ada ya kampuni. Ada hiyo ilianza kutozwa London mwaka wa 1975 ikiwa asilimia 10, na tangu hapo imepanda. Kampuni basi hula pande zote mbili, kwa muuzaji na kwa mnunuzi, jambo ambalo hata madalali wa ng'ombe wangelistaajabia.

Lakini si utaratibu huo unaoelezea jinsi kipande cha mti kilichochongwa barani Afrika kinavyofikia bei ya jumba la kifahari. Chanzo kiko mahali pengine, katika mistari michache iliyochapishwa kwa herufi ndogo chini ya picha ya kila kitu. Humo huorodheshwa mikono ambayo kitu hicho kimepitia: fulani alikinunua mwaka fulani, akamwachia mwanawe, mwanawe akamuuzia fulani. Kiswahili kinalo neno linalolifaa jambo hilo bila kukopa. Neno hilo ni nasaba. Kama vile koo kongwe za mwambao zinavyotaja mababu zao mmoja baada ya mwingine ili kuthibitisha hadhi, ndivyo katalogi inavyovitajia vitu nasaba. Nasaba ndefu yenye majina makubwa hupandisha bei. Kitu kisicho na nasaba hutiliwa shaka kuwa ni cha bandia, au cha wizi, na kati ya shaka hizo mbili ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikiwaogopesha wanunuzi kwa muda mrefu zaidi.

Mfano ulio maarufu kuliko yote ni wa sanamu iitwayo Malkia wa Bangwa. Ni umbo la mbao la mwanamke aliye katika mwendo wa ngoma, magoti yamekunjwa, mdomo uko wazi kama wa mtu anayeimba. Ilichongwa katika nyanda za juu za magharibi ya Kamerun. Mjerumani mmoja aliyekuwa wakala wa ukoloni na biashara, Gustav Conrau, aliichukua mwishoni mwa karne ya 19, ikaingia katika jumba la makumbusho la Berlin. Kutoka hapo ilitoka tena, ikapita kwa wauzaji wa sanaa, akiwemo Charles Ratton wa Paris, hadi ikamfikia Helena Rubinstein, yule tajiri wa vipodozi. Katika miaka ya 1930 mpiga picha Man Ray aliipiga picha pamoja na mwanamke mzungu aliyekuwa uchi. Picha hiyo ilienea. Rubinstein alipofariki, mali zake ziliuzwa New York mwaka wa 1966, na sanamu ikanunuliwa kwa dola 29,000. Mwaka wa 1990 iliuzwa tena, safari hii na Sotheby's, kwa dola milioni 3.4, bei ambayo hakuna kazi ya sanaa ya Kiafrika iliyokuwa imeifikia mnadani kabla ya hapo.

Katika muda wa miaka 24 mbao zile hazikuwa zimeongezeka hata chembe. Hazikuwa zimechongwa upya wala kupakwa rangi. Kilichoongezeka ni karatasi: jina la Rubinstein, jina la Ratton, picha ya Man Ray. Fauka ya hayo, mwaka wa 1984 jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York lilikuwa limefanya maonyesho makubwa yaliyopanga vinyago vya Afrika na vya visiwa vya Pasifiki kando ya michoro ya Picasso na wenzake. Baada ya maonyesho hayo tajiri aliyekuwa na mchoro wa Picasso ukutani alijisikia kuwa na haki, au hata wajibu, wa kuwa na kinyago mezani. Nasaba ya Malkia wa Bangwa kwenye karatasi inaanza kwa Conrau. Aliyeichonga, na mwanamke ambaye ilimwakilisha, wako nyuma ya mstari wa kwanza, mahali ambapo katalogi haifiki.

Bei ziliendelea kupaa. Novemba 2014 sanamu ya Wasenufo ya Afrika Magharibi iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 12. Mchongaji wake amepewa na wataalamu jina la Fundi wa Sikasso, yaani ameitwa kwa jina la mji, kwa kuwa aliyeichukua kazi yake hakujisumbua kumwuliza jina. Ni ajabu ya pekee kwamba mtu anaweza kutambuliwa kwa mkono wake, kwa namna alivyochonga bega na kitovu, na bado asiwe na jina.

Halafu kuna kisa cha Montpellier, ambacho kingefaa kuwa hadithi fupi endapo kisingekuwa kweli. Mwaka wa 2021 wazee wawili wa Kifaransa, mume na mke, walikuwa wakiondoa vitu katika nyumba yao ya zamani. Walimwita mchuuzi wa vitu vikuukuu, wakamuuzia kinyago kilichokuwa kimekaa darini kwa yuro 150. Kinyago hicho kilikuwa cha Wafang wa Gaboni, cha chama cha ngil kilichokuwa na kazi ya kuwafichua wahalifu na kutoa hukumu, na kilikuwa kimeletwa Ufaransa na babu ya mume, aliyekuwa mtawala katika makoloni. Machi 2022 kiliuzwa mnadani Montpellier. Makadirio yalikuwa yuro 300,000 hadi 400,000. Nyundo ikagonga kwa milioni 4.2. Wazee wale walisoma habari hiyo gazetini, wakaenda mahakamani. Desemba 2023 mahakama ya Alès iliikataa kesi yao, ikasema kuwa walipaswa kukichunguza kitu chao kabla ya kukiuza. Serikali ya Gaboni nayo ilikuwa imejiunga katika kesi hiyo ikitaka kinyago kirudishwe, na ombi lake likatupwa pia.

Magazeti ya Ulaya yaliwahurumia sana wazee wale. Ni kweli wanastahili huruma, kwani nani asiyeumia akijua kuwa ameuza milioni nne kwa bei ya viatu? Lakini siku ya mnada walikuwamo ukumbini Wagaboni waishio Ufaransa ambao walisimama na kupaza sauti kuwa kinyago kile ni mali iliyoporwa. Malalamiko ya wazee yalihusu bei. Ya wale waliosimama yalihusu jambo jingine kabisa, na utaratibu wa mnada hauna mahali pa kuliandika.

Jambo hilo jingine linaeleweka vizuri zaidi mtu akitoka katika kumbi hizo na kurudi pwani ya Kenya, nyuma ya Kilifi na Malindi, katika miji ya Wagiriama na jamaa zao Wamijikenda. Mji, au mudzi kama wenyewe wanavyouita, ni boma la ukoo. Ndani ya boma hilo, karibu na nyumba, husimama vigango. Kigango ni nguzo ndefu ya mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, bapa kwa umbo, yenye kichwa cha duara au cha mraba na kiwiliwili kilichochorwa pembetatu ndogondogo kwa kisu. Hakichongwi kwa ajili ya kila mtu. Huchongwa kwa ajili ya mwanamume aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, ambacho kuingia kwake kulidai karamu na gharama kubwa. Tena hakichongwi siku ya mazishi. Huenda ikapita miaka mingi. Kisha marehemu humjia jamaa yake ndotoni akilalamika kuwa amesahauliwa, au maradhi yanaingia bomani na mganga anataja sababu. Ndipo mti hutafutwa, mchongaji akaitwa, nguzo ikasimamishwa, ikafungwa vitambaa na kumwagiwa pombe ya mnazi. Kuanzia hapo nguzo ile si picha ya marehemu. Ni yeye mwenyewe, ameketi na watu wake.

Ipo kanuni moja ambayo haina budi kutiliwa mkazo, maana juu yake ndipo mgogoro wote unaposimama. Kigango kikishasimikwa hakiondolewi. Ardhi huchoka, na koo za Wamijikenda zilikuwa na desturi ya kuhamia mashamba mapya. Lakini mzee akihama, kigango hakihami. Hubaki pale pale kikaliwa na jua na mvua hadi kioze. Kuoza kwake si uharibifu. Ndiyo njia yake ya kuondoka.

Wafanyabiashara wa sanaa waliivumbua kanuni hii katika miaka ya 1970 na 1980, wakaisoma kinyumenyume. Waliona nguzo zimesimama katika mahame, hakuna nyumba, hakuna mtu, wakasema zimetupwa. Kitu kilichotupwa hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni halali ya akiokotaye. Hoja hiyo ilirudiwa mara nyingi katika maandishi ya kiingereza fasaha, na kwa mtu asiyejua inasikika kama ina mantiki. Kwa mantiki hiyo hiyo mtu angeweza kwenda Lang'ata na lori, akang'oa mawe ya makaburi yote ambayo jamaa hawajayazuru kwa miaka mitano.

Inafaa kusema ukweli wote: aliyeling'oa gogo usiku hakuwa mzungu. Mara nyingi alikuwa kijana wa karibu, mwenye njaa au aliyesilimu au kubatizwa akaambiwa kuwa zile ni sanamu za kishetani, au asiyekuwa na sababu yoyote zaidi ya kuhitaji shilingi za wiki moja. Alilipwa kidogo. Aliyempokea mjini alilipwa zaidi kidogo. Nguzo zikavuka bahari, zikafutwa vumbi, zikasimamishwa juu ya vigae vya chuma katika sebule za California. Wapo waigizaji wa filamu walioonekana kuzipenda. Baada ya miaka michache mwenye nguzo aliweza kuitoa zawadi kwa jumba la makumbusho, na sheria ya kodi ya Marekani ikamruhusu kupunguziwa kodi kwa kadiri ya thamani iliyokisiwa na mtaalamu. Makadirio hayo yalitegemea bei za sokoni, na bei za sokoni zilitegemea majumba ya makumbusho kuzipa nguzo hizo heshima ya sanaa. Kila upande ulimshika mwenzake mkono.

Mwaka wa 1985 mwanaanthropolojia wa Marekani, Monica Udvardy, alikuwa akifanya utafiti miongoni mwa Wagiriama. Katika boma moja alimpiga picha mzee aitwaye Kalume Mwakiru, akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Haikuwa picha ya sanaa. Ni picha ya aina ambayo kila mtafiti hupiga, mzee amesimama, nyuma yake mambo ya kwake. Baada ya muda Udvardy alirudi na nakala ili ampe mzee, kwa adabu ya mgeni. Akakuta nguzo hazipo. Zilikuwa zimeibwa. Mzee Kalume alimwomba amsaidie kuwatafuta.

Kiswahili sanifu kingemtaka mwandishi aandike "kuvitafuta", kwa upatanisho wa ngeli. Lakini huo ungekuwa upatanisho wa mtu aliyekwisha kuamini kuwa ni vitu. Mwenye ndugu hasemi hivyo.

Ombi lile lilikuwa la kukatisha tamaa. Dunia ni pana na nguzo zinafanana kwa macho ya mgeni. Mzee Kalume alifariki kabla ya kupata jibu. Ikawa mwaka wa 1999, katika mkutano wa chama cha wataalamu wa taaluma za Afrika uliofanyika Philadelphia, mtafiti mwingine, Linda Giles, alionyesha slaidi za vigango vilivyokuwa katika jumba la makumbusho la chuo kikuu kimoja cha Illinois. Udvardy alikuwa ameketi ukumbini. Slaidi moja ilipotokea ukutani, alikitambua kigango. Kilikuwa kimojawapo cha vile viwili vya picha yake. Cha pili kilikuja kupatikana Hampton, Virginia, katika jumba la makumbusho la chuo kikuu kilichoasisiwa kwa ajili ya kuwasomesha Wamarekani weusi waliotoka utumwani, ambacho kilikuwa kimepokea karibu vigango 100 kwa zawadi. Mwaka wa 2003 watafiti hao wawili, pamoja na John Mitsanze aliyefanya kazi na Makavazi ya Taifa ya Kenya, walichapisha matokeo yao: walikuwa wamehesabu vigango 294 katika majumba ya makumbusho 19 ya Marekani.

Cha Illinois kilirudishwa mwaka wa 2006, na cha Hampton mwaka uliofuata. Juni 2007 ndugu wawili wale walikabidhiwa kwa familia yao, zaidi ya miaka 20 tangu kung'olewa.

Hapa ndipo picha mbili zinapokutana. Ya Man Ray iliingia katika nasaba ya Malkia wa Bangwa, ikawa sehemu ya bei. Kila mnunuzi aliyefuata alinunua mbao pamoja na umaarufu wa ile picha. Ya Udvardy ilifanya kazi iliyo kinyume. Iliongeza mstari mmoja juu kabisa ya orodha, mbele ya dalali, mbele ya tajiri, mbele ya jumba la makumbusho, na mstari huo ulisomeka: Kalume Mwakiru, bomani kwake. Mara mstari huo ulipoandikwa, mistari yote ya chini yake ilipoteza nguvu. Wataalamu wa mnada wanajivunia nasaba kama ushahidi wa uhalali. Hawakosei. Tatizo ni kwamba huianzia pale inapowafaa, kama mtu anayesimulia ukoo wake kuanzia kwa babu aliyetajirika.

Tangu hapo soko lenyewe limeanza kuwa na wasiwasi, japo si kwa haraka. Mwishoni mwa 2010 Sotheby's ilitangaza kuwa ingeuza London kinyago cha pembe cha malkia mama Idia wa Benin, mali ya wazao wa afisa aliyeshiriki katika uvamizi wa Waingereza wa mwaka wa 1897. Makadirio yalikuwa kati ya pauni milioni 3.5 na 4.5. Wanigeria walipinga kwa barua na kwa intaneti, na mnada ukafutwa kabla hata mwaka haujaisha. Juni 2020 Christie's iliuza Paris sanamu mbili za Waigbo, licha ya kauli ya msomi Chika Okeke-Agulu kuwa zilitolewa Nigeria wakati wa vita vya Biafra. Safari hii mnada haukufutwa. Lakini sanamu zile ziliuzwa kwa yuro 212,500, chini ya makadirio ya chini kabisa, ambayo yalikuwa yuro 250,000. Yaani ile shaka ya pili, ya wizi, nayo sasa ina bei yake.

Pesa nyingine zimehamia kwa wasanii walio hai, ambao angalau nasaba ya kazi zao haina utata. Novemba 2019 mchoro wa Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, uliokisiwa dola 50,000 hadi 70,000, uliuzwa New York kwa dola milioni 1.5. Armitage huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kitokacho Uganda, ambacho Waganda huzikia wafu wao. Jina la mchoraji linajulikana, na tarehe, na kitambaa. Hata hivyo faida ya siku ile ilikuwa ya muuzaji, kwa sababu New York hakuna sheria inayompa msanii fungu mchoro wake unapouzwa mara ya pili. Hilo lingehitaji makala yake.

Kwa upande wa vigango, marejesho yamekuwa makubwa zaidi ya yale ya 2007. Jumba la makumbusho la Denver lilikuwa na vigango 30, vilivyotolewa mwaka wa 1990 na wafadhili ambao mmoja wao alikuwa mwigizaji Gene Hackman. Mwaka huo huo wa 1990 Marekani ilipitisha sheria ya kuwarudishia wenyeji asilia wa nchi hiyo mabaki na vitu vitakatifu vya wazee wao. Sheria hiyo haikuwagusa Wamijikenda, na hakuna iliyowalazimisha wa Denver kufanya lolote. Walivitoa kwa kuona kuwa ndiyo haki. Vilifika Kenya mwaka wa 2019, baada ya miaka mitano ya barua na kutafuta nani alipie usafiri. Mwaka wa 2023 jimbo la Illinois likarudisha vingine 37.

Idadi hiyo inafurahisha. Wasemaji walishukuru, kamera zikamulika, na hakuna sababu ya kuwabeza waliojitahidi. Lakini kati ya vigango viwili vya 2007 na 67 vilivyofuata ipo tofauti. Vile viwili vilikuwa na picha. Vilipofika pwani palikuwa na boma la kuvipokea, watu waliojua ni nani amerudi na walioweza kumwita kwa jina lake. Vile vya Denver vilikuja na nambari za jumba la makumbusho na majina ya waliovitoa zawadi. Karatasi zake hazikutaja mudzi, wala ukoo, wala shina la mnazi ambalo pembeni yake viling'olewa. Kanuni inasema kigango husimama pale kiliposimikwa, na pale penyewe huenda leo ni shamba la korosho, au ploti iliyokwisha kupigwa mnada mara mbili. Walioyafungua masanduku waliweza kuzipima nguzo, kuzipiga picha kwa makini na kuzitaja kwa nambari, moja baada ya nyingine, na kila nambari ilipotajwa hapakuwa na mtu wa kuitikia.